Dawa ya ng'ombe si dawa ya mbwa

Ndugu mfugaji, nawe mwenye duka la dawa za mifugo, leo nasema bila kuficha.

Kila nikitaja minyoo ya moyo naambiwa, "Huo ni ugonjwa wa mbwa wa wazungu." Nani kakwambia? Minyoo hii huenezwa na mbu, na mbu hachagui mbwa. Akimnyonya mgonjwa huchukua mabuu, akimuuma mwingine humwachia. Baada ya miezi sita au saba mabuu hayo yamekuwa minyoo mikubwa ndani ya moyo na mishipa ya mapafu. Jike hufika sentimita 30. Mbwa anakohoa, anakonda, tumbo linajaa maji. Tunasema "amezeeka," tunamfukia. Hatupimi, kisha tunajisifu kwamba ugonjwa haupo! Hata paka huupata. Hubeba minyoo michache tu, lakini mmoja waweza kumuua ghafla.

Kosa la pili ni baya zaidi. Mtu akisikia habari hii anakimbilia dukani, anauziwa ivamektini ya ng'ombe, anamchoma mbwa mililita moja kwa kukadiria. Hebu tupige hesabu. Mililita moja ya dawa ile ya asilimia 1 ina miligramu 10, kipimo cha ndama wa kilo 50. Kinga ya minyoo ya moyo kwa mbwa ni mikrogramu 6 kwa kila kilo, mara moja kwa mwezi. Mbwa wa kilo 15 anahitaji mikrogramu 90. Wewe umempa 10,000, zaidi ya mara 100! Kwa dozi hiyo mtoto wa mbwa anaweza kuyumba, kutokwa mate, kupofuka na kufa. Na mbwa mwenye mabuu mengi kwenye damu anaweza kupata mshtuko mabuu yakifa kwa pamoja.

Mwenye duka, usiseme "mteja ndiye aliyetaka." Sindano umemjazia wewe.

Fanyeni hivi. Mbwa apimwe damu kwanza na daktari wa mifugo. Akiwa mzima, apewe kinga ya mbwa kulingana na uzito wake. Akiwa mgonjwa, tiba ipo, lakini ni kazi ya daktari. Paka hana tiba salama ya kuua minyoo mikubwa, hivyo kwake ni kinga tu. Nyumbani, mwageni maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi.

Mbwa anakulindia mbuzi usiku kucha. Usimuue kwa kukadiria.