Hodi Kwanza, Safari Baadaye



Mtu akienda kwa shemeji yake hupiga hodi, hata kama mlango uko wazi. Ng'ombe naye akipelekwa mnada wa wilaya nyingine husafiri kwa kibali. Lakini wapo wenzetu wanaopanda ndege kwenda kuishi ng'ambo na mume au mke bila ruhusa ya kuishi huko. Mimi nasema hilo ni kosa.

Mama mmoja wa darasa letu ana mume Uingereza, ambaye amepata haki ya kukaa huko daima. Ndoa yao ni halali, na cheti anacho. Dalali mmoja wa safari alimwambia, "Mama, viza ya mke ina mambo mengi. Chukua ya matembezi. Ukifika, mumeo atatengeneza huko huko."

Dalali akajaza fomu. Ilikuwa ya Kiingereza. Mama hakujua kusoma wakati huo, wala hakusomewa. Alitia sahihi aliyofundishwa siku ile ile.

Alipofika uwanja wa ndege kule, afisa uhamiaji alimwuliza kupitia mkalimani amekuja kufanya nini. Akajibu, "Nimekuja kukaa na mume wangu." Karatasi zilisema amekuja kutembea wiki mbili. Akarudishwa. Mume alikuwa nje akimngoja, na hakumwona. Mama alisema kweli. Karatasi ndizo zilizosema uongo, na sahihi ilikuwa yake.

Wengine husema, "Ndoa ndiyo ruhusa. Nani atanizuia kwenda kwa mume wangu?" Maneno hayo nayaelewa. Lakini cheti cha ndoa kinaonyesha tu kuwa ninyi ni mke na mume. Hakifungui mpaka wa nchi ya watu. Hata mgeni akitaka kuishi kwetu Tanzania, huomba kibali Idara ya Uhamiaji.

Sheria ya Uingereza iko hivi. Viza ya matembezi kwa kawaida ni ya miezi 6. Ukiingia nayo, huwezi kuibadilisha huko ili iwe ya mke au mume. Viza ya familia huombwa kabla ya kusafiri. Wote wawili wawe na umri wa miaka 18 au zaidi. Anayetoka Tanzania hupimwa kifua kikuu katika kliniki iliyokubaliwa, na cheti cha kipimo hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo usikimbilie kupima mapema mno. Karatasi za Kiswahili hutafsiriwa kwa Kiingereza. Tena tangu mwaka 2010 waombaji wengi hutakiwa kujua Kiingereza kidogo, kiwango kiitwacho A1. Msiogope. Mtihani huo ni wa kusema na kusikiliza, si wa kuandika.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni fedha. Mwezi wa Aprili 2024 kipato kinachotakiwa kwa kawaida kilipandishwa kutoka paundi 18,600 kwa mwaka hadi paundi 29,000. Kwa maoni yangu kiwango hicho ni kikali mno. Anayefagia hospitali au kuosha vyombo hotelini hupata taabu kukifikia, na watoto wake hukua bila kumwona. Sipendi sheria hiyo. Lakini kumlipa dalali hakuiondoi. Kunakuondolea fedha za nauli tu. Heri mume aulize huko huko kiasi kinachotakiwa sasa, ndipo familia ianze kuuza mbuzi.

Na uongo katika fomu ni hatari kuliko umaskini. Ombi likikataliwa kwa uongo, hata maombi ya baadaye hutazamwa kwa shaka.

Yule mama sasa hakosi darasani. Juma lililopita alileta nakala ya fomu ya dalali. Tukaisoma mstari kwa mstari, mimi nikitafsiri. Tulipofika panapoulizwa kuhusu ndoa, dalali alikuwa ameandika kwamba hajaolewa.

Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, nipe karatasi." Tumeanza kuandika barua ya kueleza kosa hilo, iende pamoja na ombi jipya. Jina lake na la mumewe ameyaandika mwenyewe.