Mashine za watu wa Mars: miguu ao mabawa?

Wapenzi wa hadithi za watu wa sayari ya Mars wangali wanabishana: mashine zao za vita zichorwe namna gani? H. G. Wells, aliyezitunga mwaka 1897, mwenyewe alilalamikia picha za kwanza: miguu mitatu mikavu, haipindi. Mwaka 1906 kitabu kikatoka Brussels na picha za Henrique Alvim Corrêa, Mbrazili wa kule Ubelgiji: miguu inajikunja, macho yanatazama. Wengi wanasema hakuna aliyemupita. Sinema ya 1953 ikatosha miguu, ikaweka mabawa. Ya 2005 ikairudisha.

Miye nachagua ya 1953. Yenye miguu utaiona ingali mbali, utabeba watoto, utakimbia. Lakini hapa Goma tunajua mulio wa droni usiku: unainua kichwa, hauone kitu, haujue ukimbilie Sake ao Kibati.