Siti Iliyoletwa na Kifo cha Farasi

Wiki hii tuongee habari ya makalio. Msicheke! Kijana wa bodaboda anayeshinda akibeba abiria na mizigo, ofisi yake ni siti. Siti ikiwa kimeo, jioni mgongo ndio unaolipa.

Kero hiyo ilimfika hata Mzungu mmoja, John Boultbee Brooks. Mwaka 1866 alianza biashara ya vifaa vya ngozi vya farasi huko Birmingham, Uingereza. Mwaka 1878 farasi wake akafa. Kununua mwingine mfuko ulikataa, jamaa akaazima baiskeli. Loo! Siti ngumu, anateseka njia nzima. Akaapa kutengeneza ya kwake, na mwaka 1882 akaandikisha ubunifu wake kisheria.

Ujanja wenyewe hauna makuu. Ngozi nene inawambwa kama ya ngoma, imeshikwa mbele na nyuma, chini hewa tupu. Ikiwa mpya ni ngumu kweli, lakini taratibu inachukua umbo la mwenyewe. Ikilegea, mbele kuna nati. Unakaza kwa spana, safari inaendelea. Pikipiki zilipoingia, Brooks wakazitengenezea siti pia. Hata wazee wetu wenye Raleigh, baadhi yao walikalia ngozi hiyohiyo. Ndiyo maana babu hakupenda kuazimisha baiskeli yake!

Kampuni nusura izikwe. Mwaka 2000 iliuzwa pamoja na Sturmey-Archer, wale watengeneza gia wa Nottingham, na miezi michache tu baadaye mambo yakaporomoka. Sturmey-Archer ikachukuliwa na SunRace ya Taiwan. Brooks ikaokolewa, na mwaka 2002 ikaingia mikononi mwa Selle Royal ya Italia. Vita viwili vya dunia vilipita, wamiliki wakabadilika, siti ya ngozi ikabaki.

Sasa washikaji wa Horohoro, mnaopokea abiria wakitoka Lunga Lunga, nawaona. Stika bomba, taa za rangi, muziki juu. Lakini sponji ya siti imelala kama chapati! Dereva anajishika kiuno, naye abiria anashuka akichechemea. Mimi nasema, hela ya pambo ianzie kwa fundi wa siti. Kiuno kikishagoma, hata hiyo pikipiki yenye stika ataiendesha mwingine.

Tukutane wiki ijayo.