MAONI YETU: WAACHENI VIJANA WAENDE UKEREWE KWA BAISKELI

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi ijayo tunakutana kwenye mkutano wa chama chetu. Kati ya mambo yatakayojadiliwa ni ombi la vijana wetu wanane, wanne wa kiume na wanne wa kike, wanaotaka kwenda Ukerewe kwa baiskeli baada ya mauzo ya pamba. Hawaombi kununuliwa baiskeli, wanazo za nyumbani kwao. Wanaomba ushirika uwasaidie tairi, tyubu, taa na nauli ya kivuko, basi.

Ombi hilo limezua maneno mengi gulioni. Kuna wanaosema huo ni uzururaji. Kuna wanaosema, "Zama hizi za pikipiki, ushirika mzima unapeleka watoto safari kwa baiskeli? Tutachekwa na vijiji vya jirani." Sisi tunaoandika ubao huu tumeyasikia yote, na tumeona si vema kunyamaza.

Jambo lenyewe lilianzia kwa kijana wetu mmoja aliyekuwa Unguja kwa kazi ya ujenzi. Aliporudi alisimulia kuwa kule wageni wa kutoka Ulaya, watu wenye uwezo wa kukodi gari, wanalipa pesa ili wapande baiskeli. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Eti mtu apande ndege usiku kucha, aje akanyage pedeli juani, na alipie! Mzee wetu mmoja akasema, "Waje hapa, nitawapa yangu bure wanichotee maji."

Kucheka si vibaya. Lakini tukishacheka, tufikiri.

Kisiwa cha Unguja si kikubwa. Urefu wake ni kama kilomita 85, na upana wake kama kilomita 39, tena sehemu kubwa ni tambarare. Mtu mwenye pumzi ya kawaida huondoka Mji Mkongwe alfajiri akashika njia ya kaskazini, akapita magofu ya Maruhubi, akafika Bububu, kisha akapanda Kidichi kuona hamamu iliyojengwa mwaka 1850 enzi za Sayyid Said. Huko huko yapo mashamba ya karafuu, mdalasini na hiliki, na jioni mtu huyo yumo mjini anakunywa kahawa. Mwingine hushika njia ya kusini, akaenda kilomita kama 35 hadi msitu wa Jozani kuwaona kima punju, wale kima wekundu ambao asili yao ni Unguja tu. Akiendelea mbele hufika Paje na Jambiani. Kule maji yakipwa mchanga hubaki mgumu kama sakafu, na wenyeji wenyewe hupita ufukweni na baiskeli zao, huku kina mama wakiwa kwenye mashamba yao ya mwani.

Wanaoijua safari hiyo huondoka mapema na hupumzika jua likiwa kali. Tena huchagua miezi ya Juni hadi Septemba, masika yamekwisha na upepo wa kusi unapooza joto. Anayetoka Makunduchi kwenda Bwejuu upepo huo humsukuma mgongoni kama mtoto anayesukumwa na baba yake. Anayerudi ndiye atakayeujua.

Sasa je, kwa nini wanaacha gari? Sababu ni kwamba mwenye gari amefunga vioo. Anapita kijijini, kuku wanakimbia, vumbi linabaki, kwisha. Mwenye baiskeli ana kiu, atasimama anywe dafu. Ana njaa, atanunua maandazi kwa mama wa njia panda. Tairi likitoboka atamtafuta fundi wa pale pale kijijini. Akipotea njia itambidi asalimie ndipo aulize. Kwa hiyo pesa yake huanguka kidogo kidogo mikononi mwa watu wengi, na macho yake huona kilichopo.

Hatusemi kwamba mambo yote ya Unguja ni mazuri. Pwani ile ina mahoteli makubwa, na pesa nyingi za mgeni huishia mle mle. Wapo pia wageni wanaopita vijijini na nguo za kuogelea mbele ya wazee, au kupiga watu picha bila hata kubisha hodi. Hayo hatuyataki. Tunachosema ni kwamba mwenye baiskeli, akiwa na adabu, ni mgeni aliyefika kweli.

Na sisi tunacho kisiwa chetu. Ukerewe ipo ng'ambo ya ghuba tu, ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria, lakini wangapi kati yetu wamekanyaga kule? Tunakula machungwa yake sokoni, tunakula dagaa wake, kisha tunadhani tumeijua. Vijana wamepanga kupita Lamadi, waende Bunda, washike njia ya Kisorya, wavuke kwa kivuko hadi Rugezi, halafu waingie Nansio. Wanataka kulala siku chache na kuzunguka vijiji.

Tena hawaendi kutazama ziwa tu. Wanataka wakifika wavuke hadi kisiwa kidogo cha Ukara. Watu wa Ukara ni wengi na ardhi yao ni ndogo. Kwa sababu hiyo tangu zamani wamejulikana kwa kufungia ng'ombe wao bandani, kuwakatia majani na kurudisha samadi yote shambani, msimu hata msimu. Sasa tujiulize sisi tulio na ng'ombe wengi na mashamba ya pamba yanayochoka kila mwaka: samadi yetu inakwenda wapi? Inabaki zizini, mvua inaibeba. Kijana akiona kwa macho yake shamba dogo linalolisha familia kubwa, atarudi na neno la kumwambia baba yake. Neno hilo litazidi thamani ya tairi nane.

Lipo na jambo la pili. Magari ya watalii yanapita Lamadi kila siku kwenda lango la Ndabaka la Serengeti. Sisi tunachopata ni vumbi. Hatusemi mtu apeleke baiskeli kati ya simba, hilo tusieleweke vibaya! Lakini vijiji vyetu, mawe yetu, ziwa letu na ngoma zetu za Kisukuma ni vitu ambavyo mgeni angeweza kuonyeshwa kwa baiskeli na kijana wa hapa hapa. Ila huwezi kumwongoza mgeni kama wewe mwenyewe hujawahi kuwa mgeni wa mtu. Waende wakajifunze njaa ya safari, wajue mwenyeji mwema ni yupi na mbaya ni yupi.

Na hiyo aibu ya baiskeli imetoka wapi, jamani? Hapa kwetu mwenye Phoenix au Swala alikuwa mtu wa maana. Karani wa pamba alikuja kwa baiskeli. Mgonjwa alipelekwa zahanati kwenye kerieri. Shinyanga mjini baiskeli za abiria watu waliziita daladala, na zimesomesha watoto wengi. Leo kijana anaona afadhali auze ng'ombe wa urithi atangulize pesa ya pikipiki ya mkataba. Tumeona hapa hapa kijijini: miezi michache marejesho yanamshinda, pikipiki inachukuliwa, ng'ombe hayupo, na kijana anatembea kwa miguu. Hatuipingi pikipiki. Tunapinga kudharau kitu kinachokubeba bila kukudai.

Wanaosema tutachekwa tunawakumbusha. Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu, safari ya zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano wa TANU. Alikuwa Rais wa nchi na magari alikuwa nayo. Hakuna aliyemcheka. Watu walitoka majumbani wakamlaki. Ikiwa Rais alitembea kwa miguu kutoka Butiama, watoto wetu watapata aibu gani wakielekea Bunda kwa baiskeli?

Hofu ambayo sisi tunaiheshimu ni ya barabara na ya maji. Mwaka jana tulimzika mwenzetu aliyegongwa jioni akitoka mnadani, baiskeli yake haina taa hata moja. Na hakuna mtu wa kanda hii aliyesahau tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Kwa hiyo wazazi wanaouliza, hasa wazazi wa mabinti, wana haki ya kuuliza. Jibu letu kwao ni masharti haya, tunayoomba mkutano uyapitishe pamoja na ombi:

Kwanza, safari iwe baada ya pamba kuuzwa na kabla ya kuandaa mashamba, ili kazi ya mtu isilale.

Pili, kila baiskeli ikaguliwe na fundi siku tatu kabla: breki zote mbili, cheni, kengele, taa ya mbele na ya nyuma. Isiyo na taa haitoki. Wabebe pampu, viraka na gundi.

Tatu, hakuna kuendesha usiku. Kwenye barabara kuu waende kwa mstari mmoja, na basi likipiga honi nyuma yao watoke pembeni bila kubishana nalo.

Nne, kivuko kikijaa wasipande. Wasubiri kingine, hata kama ni kesho. Tusimlaumu aliyechelewa.

Tano, waende na watu wazima wawili, mmoja wao mama, na wote waandike daftari la waliyoyaona. Wakirudi wasomewe watu wote hapa ofisini. Nasi tutabandika kwenye ubao huu.

Kuhusu mabinti, wapo banamhala wanaosema baiskeli si ya mwanamke. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini tunawauliza: maji ya jana yalifikaje nyumbani? Na anayekwenda sekondari asubuhi na baiskeli ya kaka yake, akarudi jioni, si ndiye huyo huyo? Ikiwa anaweza kuendesha akiwa na ndoo, ataweza akiwa na mfuko wa michembe.

Ndugu zetu, ushirika hauwezi kuwa wa kupima pamba na kugawana hasara tu. Kazi yake nyingine ni kufungua macho ya watu wake. Waswahili walisema kutembea kwingi ni kuona mengi. Gharama inayoombwa ni ndogo, watoto ni wetu, na njia ipo. Jumamosi tuinue mikono.

Mwenye maoni tofauti ayaandike alete kwa katibu, nasi tutayabandika hapa hapa chini ya haya yetu. Asiyejua kuandika aje aseme, tutamwandikia. Aliyesoma amsomee jirani.

Umoja ni nguvu.