Uvimbe Kwenye Ngozi ya Aksolotli



Nimepokea barua ya mama mmoja. Mwanawe anafuga aksolotli, na ubavuni mwa mnyama huyo pameota kitu mfano wa punje ya mtama. Anauliza kama kikatwe. Nimeona nimjibu hapa barazani, kwani katika jambo hili hili nami nilikwisha kosea.

Kwa wasiomjua, aksolotli si samaki, ijapokuwa watoto wetu humwita hivyo. Ni wa jamii ya salamanda, jamaa za chura, na asili yake ni maji ya Xochimilco katika jiji la Mexico, ambako leo amekaribia kutoweka. Matamvua yake yamechomoza nje ya kichwa kama manyoya. Ngozi yake haina magamba, na hupenyeza yaliyomo majini, mema na mabaya.

Si kila kinachojitokeza ni maradhi. Siku moja mjukuu wangu alinijia mbio, akisema mnyama wake amevimba nyuma ya miguu, huku na huku. Kumbe ni dume aliyebaleghe! Na alipong'atwa mguu na mwenzake, ukaota mwingine wenye kidole cha ziada, napo hapakuwa na la kuogopa. Mnyama huyu huotesha viungo vyake upya, na mara nyingine huzidisha.

Kinachofanana na pamba nyeupe ni kuvu. Hushika matamvua na mahali palipojeruhiwa, hasa maji yakiwa machafu au yenye joto. Wafugaji humwogesha katika maji baridi yenye chumvi isiyotiwa madini joto, vijiko 2 vya chai kwa lita 1, kwa dakika 10, mara moja au mbili kwa siku. Asizidishiwe.

Donge gumu lenye kukua ni jambo jingine, na hapo ndipo nilipokosea. Mjukuu aliponionyesha kidonge cheusi mgongoni, nilimwambia ni sugu, akiache. Ikapita miezi 3. Daktari wa wanyama alikata kipande, kikatazamwa kwa hadubini: uvimbe wa seli zitiazo ngozi rangi, nao ulikwisha zama ndani kiasi cha kutoweza kuondolewa wote. Aksolotli wakizeeka hupatwa na uvimbe wa aina mbalimbali, na macho matupu hayatoshi kuutofautisha.

Basi, mama, usikikate, usikifunge uzi, wala usikipake marhamu ya binadamu. Dawa hizo zitapenya mwilini kupitia ngozi ile. Anza kwa kupima maji: joto liwe nyuzi 16 hadi 18, amonia na nitriti ziwe sifuri. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kuyalaza usiku kucha hakufai kitu palipotiwa kloramini. Mpigeni picha kila wiki, rula ikiwa kando ya tangi. Wakati huo huo tafuta kwa simu daktari anayetibu amfibia, maana wapo wasiojua ila mbwa na paka, na uulize gharama mapema. Mchukueni katika chombo chenye maji ya tangi lake, yakiwa baridi. Akiacha kula, au donge likitoa damu, usingoje picha ya wiki ya pili.

Mnyama wa mjukuu wangu angali anakula minyoo yake. Donge limerudi, naye hulipima kila Jumamosi, akaandika daftarini. Juzi lilikuwa milimita 4.

Wassalaam.