Zoezi Lianzie kwa Wakubwa



Mwaka 2015 vyuo vikuu vya Kenya vilitupa mafundisho matatu yaliyolipiwa kwa damu. Yatupasa kuyakumbuka, kwa maana msahaulifu hujikwaa mara mbili penye kisiki kile kile.

La kwanza ni la Garissa. Alfajiri ya Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili, wauaji wa Al-Shabaab walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Baadhi ya wanafunzi waliwakuta katika sala. Watu 148 waliuawa, walio wengi wakiwa wanafunzi. Kikosi maalumu cha polisi kilitoka Nairobi, kikachelewa kwa saa nyingi. Binti mmoja alijificha kabatini siku mbili, asimwamini hata aliyekuja kumwokoa.

La pili ni la Kikuyu. Siku 10 baadaye, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapakuwa na adui. Lakini wanafunzi, ambao hofu ya Garissa ilikuwa bado mioyoni mwao, waliruka kutoka ghorofani gizani. Mmoja alifariki, na zaidi ya 100 wakajeruhiwa.

La tatu ndilo chungu zaidi. Tarehe 30 Novemba, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, milio ya risasi ilisikika. Lilikuwa zoezi la usalama, lakini wengi hawakujua. Mfanyakazi mmoja aliruka kutoka ghorofani, akafa. Zoezi lililokusudiwa kuokoa uhai likauondoa.

Kuna wanaosema, "Basi mazoezi ni hatari, tuyaache." La hasha! Kikuyu yatuonyesha matokeo ya kuwaacha watu bila mazoezi. Wengine husema, "Adui habishi hodi, hivyo lazima watu washtushwe." Nao pia wamekosea. Nahodha hatoboi jahazi ili abiria wajifunze kuogelea. Mtu aliyetishwa hujifunza kuogopa tu. Njia ya kutokea haijui bado.

Kosa la msingi ni hili: tumezoea kumpima mnyonge, na kumwacha mkubwa bila mtihani. Mwanafunzi hukimbizwa uwanjani, mfagiaji hupigiwa king'ora, mlinzi wa lango hulaumiwa. Je, mkuu wa chuo amepimwa lini? Mwenye funguo, fedha na amri ndiye apaswaye kufanya zoezi kwanza.

Zoezi hilo halihitaji risasi hata moja. Viongozi wote wa chuo huketi mezani kwa nusu siku: mkuu, manaibu wake, mhasibu, mlezi wa wanafunzi, mganga wa zahanati, mkuu wa walinzi na wawakilishi wa wanafunzi. Msimamizi huwasomea kisa hatua kwa hatua. Saa kumi na moja alfajiri, mlinzi anapiga simu: bweni linawaka. Nani anaipokea? Mkuu yuko safarini. Nani ana mamlaka ya kuamua? Mlango wa nyuma una kufuli. Ufunguo uko kwa nani? Mwanafunzi asiyeweza kutembea analala ghorofa ya ngapi, na nani atambeba? Orodha ya waliolala humo iko wapi? Nani atazungumza na wazazi kabla uvumi haujawafikia?

Majibu ya "tutaona" na "kuna kamati" huandikwa kama yalivyo. Ndiyo faida ya zoezi: aibu ya mezani ni nafuu kuliko maombolezo ya kaburini. Kisha kila upungufu hupewa mtu wa kuurekebisha, fedha na tarehe. Baada ya hayo ndipo jumuiya nzima hufanya zoezi la kutoka majengoni, ikiwa imeelezwa mapema, bila silaha wala vitisho.

Wakubwa watasema hawana fedha. Lakini magari mapya yapo, na sherehe za mahafali hazikosi mahema. Kalamu, karatasi na unyenyekevu wa kukubali kuulizwa maswali havimfilisi mtu. Kinachokosekana ni nia.

Ndugu wapendwa, tunapoungama hatutaji matendo maovu peke yake, bali pia wajibu tusioutimiza. Kiongozi aliyejua kwamba mlango umefungwa, akauacha hivyo, hawezi kunawa mikono akisema moto haukuwashwa naye. Hili si jambo la ufundi tu. Ni jambo la haki, kwa kuwa mwenye kuamua hulala kwake penye usalama, na asiyeamua lolote ndiye alalaye nyuma ya kufuli.

Nasi je? Wazazi tunaolipa karo, tuulize zoezi la viongozi lilifanyika lini na likarekebisha nini. Wenzetu walioketi katika mabaraza ya vyuo wadai taarifa yake kila mwaka. Walezi wa kiroho vyuoni waombe kiti mezani. Na vyuo vya Kanisa vitangulie, visingoje kusukumwa.

Waliokufa mwaka 2015 hatuwezi kuwarudisha. Walio hai wamo mabwenini usiku huu. Tuulize maswali yetu sasa, kabla kengele haijalia.