Leza Haijui Mkono Wako

Kuna imani imeota mizizi kwetu tunaocheza gofu Kampala, na siku hizi inasemwa kama amri: ukitaka kupunguza mipigo, nunua kipima umbali cha leza. Kiwe kidogo, cha kuingia mfukoni. Kiwe na slopu. Na kadiri kilivyo ghali ndivyo kitakavyokusaidia. Nimeisikia barazani klabuni, nimeisikia garini tukielekea Entebbe, na juzi nimeisikia kwa kijana aliyeanza mchezo huu miezi mitano iliyopita. Hajui bado fimbo yake namba saba inapeleka mpira yadi ngapi, lakini ameshamwagiza shemeji yake aliyeko Dubai amletee kifaa cha dola 300. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja za Uganda. Nilimsihi asubiri, akanijibu kwa heshima kwamba wachezaji wakubwa wote wanazo.

Imani hiyo ni potofu na inatugharimu. Inamgharimu mchezaji fedha, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba inamfundisha kutomsikiliza mtu anayetembea naye uwanjani, yaani kedi, ambaye sasa anaonekana kazi yake ni kubeba mfuko tu.

Nichukue asubuhi moja ya Aprili, Kitante. Uwanja wa Uganda Golf Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1908, umelala bondeni kati ya Kololo na Nakasero, na msimu wa mvua ukungu hukaa pale chini mpaka jua lipande. Nyasi zilikuwa zimelowa hata maji yakapenya soksi. Rafiki yangu alitoa leza yake mpya, akaielekeza kwenye bendera. Mara ya kwanza ikampa 191. Alikuwa amegonga miti iliyo nyuma. Akarudia, ikampa 174. Ya tatu ikampa 148, ikatetemeka kidogo mkononi kumjulisha kwamba imeinasa bendera.

"Namba saba," akasema.

Kedi wetu, mzee ambaye amebeba mifuko pale tangu sijaijua fimbo, alikuwa ameshaanza kuvuta fimbo nyingine. "Bosi, hapa ni namba tano. Na usiifuate bendera, weka katikati."

"Mzee, imesema 148."

Mzee akampa namba saba. Mpira ulipaa vizuri, ukawa juu muda mrefu, ukaanguka kwenye banka ya mbele na kuzama nusu katika mchanga ulioloa. Mzee alikwenda kuchukua reki bila neno. Rafiki yangu alitoka pale na mipigo sita kwenye shimo la nne, akiilaumu fimbo.

Leza haikusema uongo, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kifaa kile hutuma mapigo ya mwanga usioonekana kwa macho, yakagonga kitu na kurudi, nacho kikahesabu muda uliopita. Mwanga huenda kilomita laki tatu kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi kwenye bendera iliyo yadi 148 haichukui hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Vifaa vya leo hupima umbali huo kwa kosa la yadi moja hivi, hata vile vya bei nafuu. Ni kazi ya ajabu. Lakini kilichopimwa ni umbali wa kijiti cha bendera. Bendera ilikuwa imewekwa mbele, nyuma tu ya banka. Grini iliendelea nyuma yake yadi 20 na zaidi. Hewa ilikuwa ya baridi na nzito, ardhi imeloa, mpira usingebingirika hata hatua mbili. Na yadi 148 ndizo alizowahi kupeleka rafiki yangu siku moja njema, mchana wa kiangazi, akikumbuka mpira mmoja na kusahau 30.

Yote hayo mzee aliyajua kwa kutazama tu. Alikuwa amemwona akipiga mashimo kadhaa asubuhi ile.

Baada ya siku hiyo nilifanya jambo ambalo namwomba kila anayetaka kununua leza alifanye kwanza. Jioni moja nilikwenda sehemu ya mazoezi watu walipokwisha kuondoka, nikausimamisha mfuko wangu pale nilipopigia, nikapiga mipira 20 kwa namba saba. Kisha nikatembea kutoka mpira mmoja hadi mwingine, na kwenye kila mmoja nikageuka nikapima kwa leza kurudi kwenye mfuko. Wa mbali kabisa ulikuwa yadi 153. Wa karibu ulikuwa 112, ule niliougonga juu ukaenda chinichini. Mingi ilikuwa kati ya 128 na 141. Miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba namba saba yangu ni 150. Katika mipira 20, iliyofika 150 ilikuwa miwili.

Sasa mtu ambaye mkono wake unatawanya mpira kwa yadi 40 anatafuta kifaa kinachokosea yadi moja badala ya mbili, na anaongeza laki nne kwa ajili hiyo. Hajapima upande ambao ndio wenye kosa.

Watanijibu kwamba mashujaa wa televisheni wanavyo. Ni kweli. Mwaka 2021 mashindano ya PGA Championship, kule Kiawah Island, Marekani, yaliruhusu leza, na Phil Mickelson akashinda akiwa na miaka 50, mkubwa kuliko wote waliowahi kushinda taji kubwa la gofu. Lakini aliyekuwa amebeba mfuko wake ni mdogo wake, Tim, na makedi wa mashindano yale waliendelea kushika vitabu vyao vya umbali, kwa sababu bendera peke yake haiwaambii grini inaanzia wapi na inaishia wapi. Halafu wale ni watu wanaojua kila fimbo yao inapeleka mpira wapi, iwe asubuhi au alasiri. Kwao namba ya leza ndiyo kipande cha mwisho kilichobaki. Sisi tumeanza na hicho cha mwisho.

Tena namba ileile haina maana ileile kila mahali, na kwa Afrika Mashariki hili lina uzito wa pekee, kwa sababu tunacheza kwenye miinuko iliyoachana sana. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, mpira unaruka mbali zaidi, kama asilimia nne hadi tano kuliko pwani. Nairobi, yenye karibu mita 1,700, unaruka zaidi bado. Ukichukua mpigo wako wa yadi 150 wa Kitante ukaupeleka Gymkhana ya Dar es Salaam, unaanguka kwenye 143 au 144, na huo ndio upana wa banka. Leza itakuandikia 150 kote kuwili kwa uaminifu uleule. Na upepo je? Nenda Kigo, kwenye uwanja wa Lake Victoria Serena, alasiri upepo wa ziwa unapoamka, uone namba kwenye kioo chako inavyobaki palepale wakati mpira unasukumwa kando.

Kuhusu slopu niseme wazi, kwa maana ndiyo inayouza vifaa hivi. Ni uwezo wa leza kupima mwinuko au mteremko na kukupa umbali uliorekebishwa: bendera iko yadi 140, lakini imepanda, basi piga kama 147. Katika mji uliojengwa juu ya vilima ni jambo la kuvutia, na siku ya kucheza na marafiki sina ugomvi nalo. Ila kanuni za gofu zinajulikana. Tangu mwaka 2019, Kanuni ya 4.3 inaruhusu kupima umbali, isipokuwa kamati ikikataza. Kupima mwinuko hairuhusu. Ukitumia slopu kwenye mashindano unatozwa mipigo miwili, na ukirudia unaondolewa. Kwa hiyo mtu anajifunza kucheza kwa msaada wa slopu siku sita, kisha siku ya saba, siku ya kombe, anatakiwa aizime na kubaki mikono mitupu. Kedi naye haruhusiwi kutumia slopu, lakini jicho lake haliwezi kuzimwa na kamati yoyote. Akikuambia "ongeza fimbo moja, kunapanda," yuko ndani ya kanuni kabisa.

Hata huo udogo unaosifiwa una bei yake. Kifaa cha gramu 130 ni raha mfukoni, lakini wepesi huo ndio unaokifanya kitikisike. Leza nyingi hukuza mara sita, na kinachokuzwa si bendera peke yake, ni mtetemo wa mkono wako pia. Umepanda kilima, moyo unadunda, umeshika kitu chepesi kwa vidole vitatu, unatafuta kijiti chembamba kilicho yadi 160 mbele. Unanasa mti. Unarudia. Wenzako nyuma wamesimama na mikono kiunoni. Kikubwa kidogo, kinachojaa kiganja, hutulia vizuri zaidi, hasa kwa sisi tuliovuka miaka 50.

Basi mwenye kununua na anunue, mimi mwenyewe ninacho. Lakini achague kama anayechagua jembe. Asikubali kukijaribu ndani ya duka kwa kupima ukuta. Atoke nje, atafute nguzo nyembamba yenye miti nyuma yake, aone kama kinanasa nguzo au miti. Kikiwa na slopu, swichi ya kuizima iwe nje, mahali ambapo mwenzake wa mashindano anaweza kuiona. Aulize betri yake ni ya aina gani na kama inapatikana mjini, au kama kinachajiwa. Na ahakikishe kinapima kwa yadi au kwa mita, kulingana na vibao vya uwanja anaocheza, kwa sababu 150 za yadi ni mita 137, na nimeona mtu akicheza mashimo tisa akiwa amechanganya. Cha dola 150 kinatosha mchezaji wa kawaida. Zinazobaki awalipe watu wawili: mwalimu, na kedi.

Naam, kedi. Hapa ndipo roho inaponiuma. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Uganda wanaotuwakilisha Kenya, Rwanda na kwingine walianzia kwenye kubeba mifuko. Walisoma uwanja kwa miguu, wakipiga fimbo za kuazima jioni wanachama walipokwenda kuoga. Ile elimu ilipita kinywa kwa kinywa: grini hii hupokea mpira upande wa kushoto, pale bonde linadanganya macho, huku baada ya mvua ongeza fimbo mbili. Jinja, klabu iliyopata sifa duniani kwa sheria yake ya kukuruhusu kuondoa mpira bila adhabu ukiangukia kwenye unyayo wa kiboko, kedi ndiye aliyekuambia kiboko alipita wapi usiku. Mchezaji anapoacha kuuliza, kedi kijana anaacha kujifunza, kwa kuwa hakuna anayehitaji jibu lake. Anajifunza kushika kifaa cha bosi na kukisoma kwa sauti. Tunamnyang'anya ufundi, kisha tunasema makedi wa siku hizi hawajui kitu.

Yule kijana wa shemeji wa Dubai, kifaa chake kilifika. Nilimwomba kitu kimoja tu, jioni moja sehemu ya mazoezi, na akakubali. Alipiga 20, tukatembea tukapima, naye akaandika kila namba kwenye karatasi ya kuhesabia mipigo. Alipomaliza aliitazama kimya. Aliponiambia wastani, sauti yake ilikuwa imeshuka: yadi 127. Alikata kipande cha plasta nyeupe, akaandika namba hiyo kwa kalamu, akaibandika kwenye shingo ya fimbo.

Jumamosi iliyopita tulicheza naye Kitante, na mfuko wake ukabebwa na mzee yuleyule. Usiku ilikuwa imenyesha. Kwenye shimo moja la kupanda alitoa leza, akapima mara moja, ikampa 139, akairudisha mfukoni. Kisha akageuka.

"Mzee, namba saba yangu mimi ni 127. Hapa unanipa ipi?"

Mzee aliinama akagusa nyasi kwa kiganja, akatazama juu kwenye vilele vya miti upande wa Kololo, akavuta namba tano.